Kuchokonoa kufuli za funguo za vishimo: mwongozo kamili kwa anayeanza

Aliyezoea kuchokonoa, yaani kufungua bila ufunguo, kufuli za ufunguo wenye meno pembeni, akishika silinda ya ufunguo wa vishimo (ufunguo bapa wenye vishimo kwenye nyuso zake pana) kwa mara ya kwanza hufanya kosa lile lile: anaingiza ndoano yake na kutaka kuinua pini. Ndoano haiinuki, kwa sababu tundu ni bapa na halina nafasi ya kuitegemeza. Kwenye kufuli hizi pini husukumwa kwa kuzungusha kifaa, kama mtu anayegeuza bisibisi taratibu. Hilo likieleweka, linabaki jambo la pili ambalo ndilo gumu zaidi: safari ya pini ni fupi mno, na kuizidisha ni rahisi kuliko kuifikisha. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatoka kwenye mambo hayo mawili.

Kwanza, mipaka ya mchezo wenyewe. Klabu za wachokonoaji zilizoanzia Ulaya, kama ile ya Wajerumani iliyoundwa mwaka 1997, zinashika masharti mawili: chokonoa kufuli yako tu au ya aliyekupa ruhusa, na usiguse kufuli inayotumika. Sharti la pili huonekana kali mpaka siku pini inapokwama ndani ya kitasa cha mlango wa nyumba yako usiku wa manane. Nunua silinda ya mazoezi na iache mezani. Tena, sheria za makosa ya jinai za Kenya na Tanzania zinahesabu kuwa kosa kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na mzigo wa kueleza sababu hiyo ni wako. Vifaa vikae nyumbani, pamoja na kufuli zake. Japani ni kali zaidi: tangu mwaka 2003 ina sheria maalumu dhidi ya kumiliki vifaa vya namna hii, kwa hiyo usivitie kwenye begi la safari.

Kilichomo ndani

Ndani ya silinda kuna ganda lisilozunguka na kiini kinachozunguka. Vyumba vidogo vimetobolewa kupitia vyote viwili, na kila chumba kina pini mbili na springi moja. Pini inayogusa ufunguo tuiite pini ya ufunguo. Ile iliyo kati yake na springi tuiite pini ya springi. Ufunguo sahihi unapoingia, maungio ya kila jozi hufika kwenye mpaka wa kiini na ganda, na kiini kinakuwa huru kuzunguka. Umbo la kisasa la kanuni hii ni la Linus Yale Mdogo, Mmarekani wa miaka ya 1860, na kanuni haijabadilika. Kilichobadilika ni upande: mwaka 1934 kampuni ya Kaba ya Zürich ilileta ufunguo bapa, kazi ya Fritz Schori, wenye vishimo kwenye nyuso zake pana na unaoingia hata ukigeuzwa. Pini zikaacha kugusa ukingo wa ufunguo, zikaanza kugusa uso wake.

Faida ya mtengenezaji ni wazi. Uso mpana unabeba safu moja ya pini, au mbili, au tatu, nyingine zimeelekea juu na nyingine pembeni kwa mshazari. Ukingo mwembamba ungebeba moja tu. Ndiyo maana silinda ya vishimo huonekana ya kutisha. Lakini nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini zina safu moja yenye pini tano au sita, na vishimo vya pembeni kwenye ufunguo ni pambo tu, havigusi kitu chochote. Usihukumu kufuli kwa wingi wa vishimo.

Kusoma ufunguo ni mazoezi mazuri kabla ya kushika kifaa. Kishimo kirefu kwenda chini maana yake pini ya ufunguo ni ndefu, na inahitaji kusukumwa kidogo sana. Kishimo kifupi, au sehemu iliyoachwa karibu tambarare, maana yake pini ni fupi na inahitaji safari ndefu. Pini za safari fupi ndizo zinazowatesa wanaoanza: zinafika kabla hujajua umeanza kusukuma.

Vifaa

Kichokonoo cha kazi hii kina mti mwembamba, na ncha yake ina kibapa kilichotokeza pembeni, mfano wa bendera juu ya mlingoti. Wachokonoaji wenyewe wanaiita bendera. Unaiingiza ikiwa imelala, kisha unazungusha mpini, bendera inasimama na kusukuma pini.

Ukubwa wa bendera hauchaguliwi kwa kubahatisha, na hesabu yake ni ndogo. Chukua bendera ambayo ncha yake iko milimita 1.5 kutoka katikati ya mti. Ukizungusha digrii 20, ncha imepanda kama milimita 0.5, digrii 30, milimita 0.75, digrii 45, kama milimita 1.06. Kuanzia hapo faida inapungua: kufika digrii 60 unapata milimita 1.3 tu. Na kuna hasara isiyoonekana, nayo ni kwamba ncha haipandi wima bali inachora tao. Kwenye digrii 45 imeshasogea pembeni kiasi cha milimita 0.44, na digrii 60 milimita 0.75. Hapo haisukumi tena katikati ya pini. Inateleza kwenye ncha yake ya koni na kuibana ukutani mwa chumba. Kwa hiyo chagua bendera inayomaliza kazi kabla ya digrii 45. Ikikulazimu kuzungusha zaidi, ni ndogo. Ikigusa pini kabla hujazungusha, au ikikataa kupita, ni kubwa. Seti yenye bendera tatu au nne, kuanzia milimita 0.8 hadi 1.8 hivi, inatosha kwa muda mrefu. Uwe nazo za kushoto na za kulia, kwa sababu safu ya pini haikai katikati ya tundu kila mara.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni ugumu wa mti dhidi ya kujipinda. Ukizungusha mpini na mti ukajisokota kama kamba, kidole kinasikia msokoto wa chuma badala ya pini. Kwa waya wa duara, ugumu huo unakua kwa nguvu ya nne ya kipenyo: waya wa milimita 2 ni mgumu zaidi ya mara tatu ya ule wa milimita 1.5. Tumia mti mnene kabisa unaoruhusiwa na tundu, upunguze unene kwenye sentimita tatu za mwisho tu.

Anayetaka kujitengenezea anaweza. Blade ya msumeno wa chuma ina unene wa karibu milimita 0.65, hiyo inafaa kwa bendera ndogo na tundu jembamba, ila mti wake ni laini kujipinda, kwa hiyo ufupishe. Spoku ya baiskeli ya milimita 2 ni bora zaidi: gonga ncha iwe bapa, kisha ichonge kwa tupa mpaka bendera ibaki upande mmoja. Ukitumia jiwe la kusaga, chovya kwenye maji kila sekunde mbili tatu. Chuma kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake na kitapinda kwenye kufuli ya kwanza. Malizia kwa msasa namba 400, halafu 800, halafu 1200. Ncha yenye mikwaruzo hukwama kwenye pini, na mkono wa mwanafunzi unadhani pini imekaa, yaani imefika kwenye mpaka wa kiini na ganda.

Cha pili ni kikazio, kile kinachozungusha kiini kidogo huku unachokonoa. Vile vya kufuli za kawaida huwa vyembamba mno na vinayumba. Unahitaji kinachojaza ukingo mmoja wa tundu kutoka ukuta hadi ukuta bila kuziba njia ya kichokonoo. Vile vyuma viwili vyembamba vilivyomo ndani ya mpira wa wiper, ambavyo gereji nyingi huvitupa, vinafaa sana. Kata sentimita 8, pinda sentimita moja ya mwisho kwa digrii 90, kisha punguza upana wa mguu huo kwa tupa mpaka uingie kwa kubana kidogo. Mguu uingie milimita 3 hadi 5 tu. Ukienda ndani zaidi utazuia pini ya kwanza.

Ongeza jiliwa ndogo, kibano, taa nzuri, vernia (kipimo cha sehemu za milimita) kama unayo, na trei tupu la mayai la kupangia pini.

Kuandaa silinda

Kununua silinda na kuanza kuichokonoa ikiwa na pini zote ndiyo njia ya kukata tamaa. Ifungue, upunguze pini, ujifunze ngazi kwa ngazi. Silinda za mazoezi zenye skrubu chini ya kila chumba zinarahisisha: fungua skrubu, toa springi na pini, rudisha. Ukizipata, ruka aya tatu zinazofuata.

Silinda ya kawaida ya mlangoni, yenye tundu pande mbili, ina ulimi katikati na klipu ndogo inayozuia kiini kisitoke. Toa klipu kwa bisibisi nyembamba huku umeifunika kwa kidole, kwa maana huruka. Kazi yote ifanyie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Springi iliyoruka ndani ya mfuko unaipata, iliyoruka sebuleni imekwenda. Weka ufunguo, zungusha kiini digrii 15 hadi 20, kisha toa ulimi.

Usivute kiini kikiwa tupu nyuma yake. Kikitoka na kuacha wazi, springi zitasukuma pini zote za springi mpaka katikati ya ganda na hutazipanga tena kirahisi. Lazima kifuatwe na kijiti cha duara cha unene ule ule. Viini vingi vya Ulaya vinakaribia milimita 13, lakini pima chako. Kwa silinda ya pande mbili kijiti kirefu hakiingii, kwa hiyo kata vipande vya mti vya urefu unaopita kwenye pengo la ulimi, karibu milimita 10, na uviingize kimoja baada ya kingine. Kila kipande kiguse kilichotangulia. Pengo la milimita mbili linatosha kuiachia pini ianguke na kufunga njia.

Kiini kikitoka, kishike pini zikiwa zimeelekea juu, toa ufunguo taratibu, kisha zihamishe pini za ufunguo kwenye trei kwa mpangilio wake: namba 1 ni iliyo karibu na mdomo wa tundu. Halafu rudisha kijiti nyuma kidogo kidogo na kudaka pini za springi, nazo kwa namba zake. Ziangalie vizuri. Pini nyoofu ni ya kawaida. Iliyokatwa kiuno katikati, kama bobini ya cherehani, ni ya ulinzi. Yenye mifereji midogo midogo ni ya menomeno, ya ulinzi pia. Kwa mwezi wa kwanza ziweke kando, utumie nyoofu tu.

Rudisha jozi mbili tu, namba 1 na namba 3. Zilizobaki zihifadhi kwenye kikaratasi chenye jina la kufuli.

Hatua za kuchokonoa

Funga silinda kwenye jiliwa, si kwa nguvu ya kuikunja. Kipande cha ngozi au kadibodi kati ya meno ya jiliwa kinatosha. Iweke pini zikiwa juu ya tundu. Mlangoni mara nyingi zitakuwa chini, lakini hapa tunajifunza, na kuona bendera ikipanda husaidia akili.

Weka kikazio kwenye ukingo ulio mbali na safu ya pini. Kama safu iko kushoto, kikazio kikae kulia, na kichokonoo kipite kati yake na pini huku bendera ikielekea kushoto. Bendera ya kushoto hupanda mkono ukizungusha kama saa inavyokwenda. Ya kulia hupanda kinyume chake. Inaonekana jambo dogo, mpaka dakika ya ishirini unapogundua ulikuwa unasukuma ukuta wa chini.

Mkazo uwe mdogo. Kuupima, bonyeza mizani ya jikoni kwa ncha ya kidole mpaka isome gramu 50, ukariri hisia hiyo, kisha bonyeza ncha ya kikazio vivyo hivyo, kama sentimita 5 kutoka kwenye kiini. Huo ni mwanzo mzuri. Wengi wanapoambiwa mdogo wanabonyeza mara nne ya hapo. Mkazo mkubwa unazibana pini zote kwa pamoja, na tofauti kati ya inayobana na isiyobana inapotea.

Ingiza bendera mpaka mwisho, ikiwa imelala, bila mkazo wowote. Itoe polepole huku ukizungusha kidogo kila inapofika chini ya pini. Pini huru inarudi kwa springi, laini. Hesabu. Ukihesabu nne wakati zimo mbili, unahesabu kuta za tundu. Rudia mpaka idadi ikubali. Weka alama ya kalamu kwenye mti wa kichokonoo, usawa wa mdomo wa kufuli, kwa kila pini. Alama hizo zitakuokoa baadaye, kwani kwenye tundu bapa huoni kitu na kina cha mti ndiyo macho yako.

Sasa weka mkazo. Pitia pini tena. Moja itakuwa ngumu kuliko nyingine, kwa sababu vyumba havikutobolewa kwenye mstari mmoja kamili. Tofauti ya sehemu za mia za milimita inatosha kufanya pini moja ibane kwanza. Hiyo ndiyo ya kushughulikia, na hiyo peke yake. Zungusha mpini taratibu kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Kitatokea kimoja kati ya viwili: utasikia tik ndogo na kiini kusogea kwa unywele, au ugumu utazidi ghafla kama umefika kwenye jiwe. Tik ndiyo pini kukaa. Jiwe ni pini ya ufunguo iliyovuka mpaka na kubana ndani ya ganda, yaani umezidisha.

Ikishakaa, laza bendera kabla ya kuisogeza. Kuivuta ikiwa imesimama kunazoa pini za jirani, na hili linaharibu kazi nzuri kuliko kosa lingine lolote. Tafuta inayobana sasa, rudia. Kwa pini mbili kiini kitafunguka ndani ya dakika chache. Kikifunguka kisizungushwe zaidi ya digrii 20 au 30, kwa sababu kwenye kufuli za safu nyingi pini inaweza kutumbukia kwenye chumba cha safu nyingine na kukufungia kila kitu. Kirudishe taratibu na usikilize pini zikishuka.

Fungua mara kumi mfululizo, kisha ongeza pini namba 5, halafu 2, halafu 4. Usiongeze kabla ya kumi. Mpangilio huu unaacha nafasi kati ya pini za mwanzo ili ujifunze kulenga moja bila kugusa jirani. Zinapojaa, mkono unajua tayari. Kila baada ya vikao vichache badilishana pini za ufunguo kati ya vyumba, la sivyo utakuwa umekariri wimbo mmoja. Ufunguo hautafanya kazi wakati huo, kwa hiyo mpangilio wa asili uwe umeuandika.

Kufunguka kwa uongo

Zikirudi zile pini za bobini mambo yanageuka. Utachokonoa vizuri, kiini kitazunguka digrii tatu au nne kwa furaha, kisha kitasimama. Hakijafunguka. Kiuno cha pini kimeingia kwenye mpaka na kingo zake zinakamata kiini.

Dawa ni kinyume cha tamaa. Legeza mkazo, si kuuachia, na usukume kila pini kwa upole. Moja itasababisha kiini kurudi nyuma dhidi ya kidole chako cha kikazio. Kiruhusu kirudi. Ukikaza kukizuia, ukingo wa bobini hautapita kamwe. Kinaporudi endelea kusukuma mpaka tik, na kiini kitasonga mbele tena kupita pale kilipokuwa. Mara nyingine katika kurudi huko pini moja au mbili zilizokwisha kukaa zitashuka. Ni kawaida, zirudishe, usianze upya.

Pini za menomeno hazirudishi kiini namna hiyo. Zinatoa tik nyingi ndogo, kila mfereji na tik yake, na zote zinadai kuwa ndiyo ya kweli. Hapa zile digrii za bendera zinakuwa na thamani. Kwa kuwa umesoma ufunguo, unajua pini hiyo inahitaji safari ya takriban kiasi gani; tik ya digrii 10 kwenye pini ya kishimo kifupi ni ya uongo.

Safu za pembeni

Kufuli yenye safu mbili za kweli ichukulie kama kufuli mbili zinazotumia kiini kimoja. Chora ramani: safu A ya kushoto, safu B ya kulia, namba kutoka mdomoni. Usimalize safu nzima kabla ya kwenda nyingine, kwani zinabana kwa kupokezana. A3 inaweza kukaa, kisha B1, kisha A2. Ukiona safu A yote imelegea na kiini hakiendi, pini inayobana iko ng'ambo. Shida kubwa ni kubadilisha vichokonoo, cha kushoto kwa cha kulia, bila mkono wa kikazio kutetemeka. Fanya mazoezi ya kutoa na kuingiza kifaa huku pini mbili zimekaa, bila lengo la kufungua. Yanachosha, lakini bila hayo hakuna safu ya pili.

Pini za mshazari hazisukumwi kwa ncha ya bendera bali kwa bega lake, na ukivipima vishimo vyake utakuta safari ni fupi zaidi hata ya zile za juu. Bendera ya milimita 0.8 mara nyingi inatosha.

Yanayokwama, na sababu yake

Kiini hakionyeshi dalili yoyote baada ya dakika kumi: umezidisha pini mapema, karibu kila mara ile ya kishimo kirefu. Achia mkazo polepole huku sikio likiwa karibu. Ukisikia tik moja peke yake kabla ya nyingine, hiyo ndiyo iliyozidi. Ukiacha hapo hapo na kukaza tena, zilizobaki hubaki zimekaa. Ukisikia zote zikimiminika, anza upya.

Kila pini inaonekana kubana: mkazo mkubwa, au mguu wa kikazio umegusa pini ya kwanza, au mti wa kichokonoo unaegemea ukuta wa tundu na kuzungusha kiini bila wewe kujua. Hili la mwisho ni la kufuli za vishimo hasa, kwa sababu hapa unazungusha mkono, na kiini nacho kinataka kuzunguka. Kujipima, zungusha kichokonoo mahali pasipo na pini huku ukitazama kikazio. Kikitikisika, mti ni mnene mno au umeushika mshazari.

Jana ilifunguka, leo haikubali: kagua ncha ya bendera chini ya taa. Kona zilizopinda au kulika hazionekani kirahisi, zinasikika. Kama ncha ni nzima, tatizo ni vumbi la shaba linalotoka kwenye pini zenyewe. Fungua silinda, osha sehemu zake kwa petroli nyepesi au spiriti nje ya nyumba mbali na moto, zikauke, kisha weka unga kidogo wa grafaiti. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya wiki kadhaa. Grisi nayo inakula hisia zote. Kiini kitazunguka vizuri kwa ufunguo huku mkono wako ukiwa kiziwi.

Vidole vinauma: unashika mpini kama nyundo. Ushike kama kalamu, kifundo cha mkono kitulie juu ya meza, na vidole viwili tu ndivyo vizunguke. Dakika 20 kwa kikao ni nyingi za kutosha. Hata hivyo kuna kufuli zisizojali ratiba: mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alihitaji saa 51 zilizotawanyika kwa siku 16 kuifungua kufuli ya Bramah iliyokuwa imewekewa zawadi ya guinea 200, fedha ya Kiingereza ya zamani. Alilipwa.

Pini ndani ya pini

Ukiona ufunguo ambao ndani ya kishimo chake kuna duara lingine dogo, kama pete ndani ya pete, subiri. Mtindo huo ni wa Mul-T-Lock, kampuni ya Israeli iliyoanzishwa mwaka 1973, na umeigwa kote. Kila pini ni mbili: ya nje yenye uwazi katikati, na ya ndani inayopita humo na springi yake. Kufuli ya vyumba vitano ina kazi kumi.

Utaratibu unaowafaa wengi ni kuzikalisha za nje zote kwanza, kwa bendera pana yenye ncha bapa inayosukuma ukingo, kisha kugeukia za ndani kwa ncha nyembamba iliyochongwa kufikia upana wa nusu milimita au zaidi kidogo. Mkazo wa za ndani uwe nusu ya ule wa za nje. Tik zake ni dhaifu kiasi kwamba feni ya mezani inazifunika, izime. Anza na chumba kimoja tu, kama ulivyoanza zamani na pini mbili, na unapofungua silinda ya aina hii tumia mfuko ule ule wa plastiki, kwa sababu springi ya pini ya ndani ikianguka kwenye zulia haitaonekana tena.